Tiketi ya Kuingia Msikitini



Tunawaandikia kutoka Kabazi, huku bara, upande wa Subukia katika Kaunti ya Nakuru, mahali ambapo wasomaji wengi wa Pwani hawana sababu ya kufika. Waislamu hapa ni wachache. Tuna msikiti mmoja wa mabati wenye chumba kimoja, tuna watoto wa madrasa wasiozidi thelathini, na tuna baridi ya alfajiri ambayo humfanya mtu wa Mombasa kama sisi ayatazame maji ya udhu kwa muda kabla ya kuyagusa. Likizo ya shule iliyopita, familia tisa za hapa na za Nakuru mjini ziliafikiana kwenda Kampala kuutazama Msikiti wa Kitaifa wa Uganda, ulio juu ya kilima cha Old Kampala. Tuliombwa tufuatane nao, sisi na ahli yetu, nasi tukaridhia.

Safari hii ilipingwa kabla ya kuanza. Mzee mmoja wa jamaa zetu alitukabili baada ya swala ya Ijumaa akauliza kama Mtume (S.A.W.) hakukataza kufunga safari isipokuwa kwenda misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na wa Aqsa. Swali lake ni la haki na hadithi yenyewe ni sahihi. Tulimjibu kwa yale tuliyosomeshwa na walimu wetu katika madhehebu ya Imamu Shafi. Imamu Nawawi ameeleza kwamba makusudio ya hadithi ni fadhila: hapana msikiti wa nne ambao mtu huufungia safari kwa kutaraji thawabu za ziada kama za hiyo mitatu. Ama mtu kusafiri akaona mji, akaona jengo la Waislamu wenzake, akaswali humo rakaa zake, hilo si haramu wala si makuruhu. Mzee alinyamaza, kisha akauliza nauli ni kiasi gani. Alikuja.

Swali la pili liliulizwa na wanawake, nalo halikuwa la fiqhi. Waliuliza: sisi tutaingia wapi?

Asiyeishi katika miji midogo ya bara huenda asilitambue uzito wa swali hilo. Katika msikiti wetu mwanamke hana pa kusimama. Mwezi wa Ramadhani hutandikwa turubai nje, nyuma ya ukuta, na mvua inaponyesha wanawake hukunja miswala yao wakarudi majumbani huku imamu akiendelea na tarawehe. Wakisafiri, mambo ni yale yale. Ahli yetu amewahi kushuka basi saa ya Alasiri katika mji ambao hatutautaja, akaenda msikitini akaambiwa hapana nafasi ya wanawake, akaswali pembeni mwa kituo cha mafuta, baina ya malori mawili. Kwa hiyo kina mama waliposikia kwamba tutasafiri usiku kucha kwenda kuona msikiti mkubwa, jambo la kwanza kulijua lilikuwa kama wataonyeshwa mlango au ukuta.

Ya njiani hatuna haja ya kuyarefusha. Basi la usiku, Eldoret tumelala, Malaba tumeamshwa tugongewe mihuri, watoto wamepanga foleni wakiwa wamejifunika leso za mama zao, Jinja kumekucha.

Kilima cha Old Kampala kina historia ambayo wasomaji wa Pwani wana fungu lao ndani yake. Uislamu haukuingia Buganda kwa jeshi. Uliingia mwaka 1844 kwa mfanyabiashara aliyetoka Zanzibar, Ahmed bin Ibrahim, aliyesimama mbele ya Kabaka Suuna akamkumbusha kwamba watu anaowaua wameumbwa na Mola mmoja. Mwanawe Suuna, Kabaka Mutesa wa kwanza, alifunga Ramadhani miaka kadhaa na akaamuru watu wake wafunge; kisha yeye huyo huyo, katika miaka ya 1870, akaamuru kuuawa kwa vijana Waislamu wa baraza lake waliokataa kula nyama isiyochinjwa kisheria na kukataa kuswalishwa na mfalme asiyetahiriwa. Waliuawa Namugongo, miaka kumi hivi kabla ya mashahidi wa Kikristo ambao ulimwengu mzima unawajua. Mwezi Disemba 1890 Kapteni Lugard akafika kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, akajenga ngome yake juu ya kilima hiki. Ni Idi Amin aliyewapa Waislamu ardhi hii na kuanzisha ujenzi wa msikiti mwaka 1972. Ujenzi ukakwama, naye akaanguka mwaka 1979, ukabaki mnara usiokamilika kwa muda wa kizazi kizima. Muammar Gaddafi wa Libya ndiye aliyegharamia kuumaliza; ulikamilika mwaka 2006 na kupewa jina lake. Baada ya kuuawa kwake ukaitwa Msikiti wa Kitaifa wa Uganda. Tulipowatajia vijana wa bodaboda jina hilo jipya walitutazama tu. Tulipotaja Gaddafi, walituelewa mara moja.

Getini kuna meza ya tiketi. Mwislamu aliyekuja kuswali hupita bila kulipa. Aliyekuja kutembezwa na kupanda mnara hulipa, naye hupewa mwongozaji. Baadhi ya wanaume wetu walinung'unika kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu haina tiketi. Lakini jengo la ukubwa huu hufagiwa, hupakwa rangi, huwashwa taa, na wafadhili wake wa awali hawapo tena. Mtalii akichangia gharama hizo hatuoni ubaya wowote. Pembeni ya meza walikuwako wanawake wa Kizungu wakifungiwa nguo za kujisitiri na vitambaa vya kichwa, wakifunzana namna ya kuvikaza, wakicheka. Binti zetu walikwenda kuwasaidia.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole, Kiswahili chake kikiwa na ladha ya Kiganda. Alituvua viatu, akatuingiza sote pamoja, wanaume, wanawake na watoto, katika ukumbi mkuu. Alitueleza kwamba mazulia yalitoka Libya, mataa makubwa Misri, na vioo vya rangi Italia. Ukumbi huu, alisema, huchukua watu 15,000. Alitupeleka mbele, tukivuka safu moja baada ya nyingine, mpaka penye mihirabu. Hapo mama mmoja wa Kabazi, mwenye wajukuu, alikaribia pole pole akachungulia ndani. Kisha akageuka.

"Maalim," akatuuliza, "kumbe ndani hamna kitu?"

Tulimjibu kwamba ndiyo, ni mahali pa imamu kusimama tu, na ni alama ya kibla.

"Miaka sitini ni Mwislamu," akasema. "Wa kwetu huuona kwa mlangoni tu, giza. Nilidhani mna kitu mmekificha."

Wanaume walicheka, naye akacheka pamoja nao. Sisi tulitazama upande wa pili, kwa sababu hatua chache kutoka kwake alisimama mmoja wa wale wanawake wageni, kitambaa cha kuazimwa kichwani, akipiga picha maandishi ya ukutani. Hatumwonei wivu, wala hatusemi asiingie. Thumama bin Uthal alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) hali ya kuwa si Mwislamu, akawatazama Waislamu wakiswali kwa siku tatu, na alipofunguliwa akakoga, akarudi akatamka shahada. Ujumbe wa Thaqif nao ulipokewa msikitini kabla ya kusilimu. Mgeni kuona ndani ya msikiti ni katika daawa. Lakini mgeni yule na mama yetu walifika penye mihirabu kwa njia moja, nayo ni ile tiketi. Bila ya tiketi, mama yule amekaa miaka sitini nje ya mlango.

Mnara una ngazi nyingi. Watoto walizihesabu kwa sauti, wakakosana penye mia mbili na kitu, wakataka kurudi chini waanze upya. Juu yake Kampala yote iko wazi: Namirembe na kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga na kanisa kuu la Wakatoliki, Kibuli na msikiti wake, Mengo penye kasri ya Kabaka, na katikati magari ya abiria yaliyobanana mpaka huoni ardhi. Kwa watu wa Kabazi mandhari hiyo haikuwa ngeni sana. Huko kwetu pia twaishi jirani na madhabahu ya Kitaifa ya Bi Maryamu ya Subukia, ambako Wakatoliki humiminika kwa maelfu, na mama zetu huwauzia maji ya kunywa.

Tulikuwa tumeshashuka adhana ya Adhuhuri ilipopigwa. Waongozaji waliwatoa watalii kwa upole. Sisi, wenye stakabadhi mifukoni, tukaenda kutawadha, tukarudi tukiwa maamuma. Wanaume tuliingia tena katika ukumbi ule ule. Wanawake wakaelekezwa ngazi za kwenda roshani ya juu, ambayo huchukua watu 1,100. Kina mama walitusimulia baadaye kwamba huko juu kuna zulia, kuna hewa, sauti ya imamu yasikika, na ukisogea mbele wamwona. Ahli yetu alisema neno moja tu: "Hatukuulizwa tunataka nini."

Ndugu zetu walioko Oman watatuambia hayo ni madogo, tuende Muscat. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea watalii asubuhi siku zote isipokuwa Ijumaa, na sifa zake tunazijua hata sisi tusiojaaliwa kufika. Zulia la ukumbi wake mkuu lina uzito wa tani 21, na lilisukwa na wanawake 600 wa Iran kwa muda wa miaka minne. Ukumbi huo huchukua watu zaidi ya 6,500. Ukumbi wa wanawake huchukua 750. Hatuzitaji hesabu hizi kwa kulaumu. Ijumaa ni wajibu kwa wanaume na si kwa wanawake, na safu hupangwa kwa haja. Ila tuliporudi tukakaa na kina mama kuwasimulia habari za zulia lile, swali lao lilikuwa kama wale wasusi 600 waliwahi kuswali juu yake. Hatukuwa na jibu.

Tunajua hoja itakayoletwa, kwa kuwa huletwa kila mara: kwamba swala ya mwanamke nyumbani kwake ni bora. Ni kweli, hadithi ipo. Lakini ubora ni jambo analochaguliwa mtu na moyo wake, na kufuli ni jambo jingine. Mtume (S.A.W.) huyo huyo amekataza wanawake wasizuiwe misikiti. Abdullahi bin Umar alipoisimulia hadithi hiyo, mwanawe Bilal akasema: sisi tutawazuia. Wapokezi wasema Ibn Umar alimkemea mwanawe kwa ukali ambao hawakupata kuusikia kutoka kwake, kwa kuwa yeye anataja neno la Mtume na kijana anajibu kwa rai yake. Katika msikiti wa Madina wanawake waliswali nyuma ya wanaume bila ya ukuta baina yao, na mlango ukaachwa kwa ajili yao. Mlango wa Wanawake, Baabun-Nisaa, una jina hilo mpaka leo, na kila hujaji kutoka Lamu au Tanga ameupita au ameuona.

Haya yote yana sababu ya kuandikwa sasa. Jamaa wa Kabazi wamechanga kwa miaka mitatu, na azma yao ilikuwa kujenga mnara. Wenye rai hiyo ni watu wema, na hoja yao ina uzito: penye makanisa mengi Mwislamu mpita njia apate kujua kwamba kuna msikiti. Mzee wetu wa hadithi ya misikiti mitatu alikuwa kinara wao. Juma la pili baada ya kurudi, kina mama walileta karatasi katika mkutano wa kamati, imeandikwa na binti wa kidato cha tatu kwa hati nzuri. Waliomba chumba upande wa kusini, nyuma ya safu za wanaume, chenye mlango wake na bomba lake la udhu. Vipimo walivipima wenyewe kwa leso: leso nane kwa urefu, nne kwa upana. Chini yake waliandika kwamba mnara wameshauona, wameulipia na wameupanda, na wanashukuru.

Tulitoa rai yetu mbele ya kamati, kwamba chumba kitangulie. Mkutano ulikuwa mrefu, na maneno mengine hayafai kuandikwa katika jarida la familia. Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, kama kawaida yake, bei ya mawe. Chumba kilipitishwa kwa kura mbili.

Msingi umeshachimbwa na mawe yameletwa. Kilichobaki ni mgogoro wa ukuta baina ya chumba hicho na ukumbi wa wanaume. Baadhi ya wanaume wanautaka uzibwe mpaka juu na iwekwe spika. Kina mama wanataka dirisha pana lenye pazia, wapate kumwona imamu anaporukuu, wala wasibaki wakibahatisha rakaa umeme unapokatika, na Kabazi umeme hukatika. Fundi ameshapandisha kozi tatu, naye ametuma salamu kwamba anahitaji jibu kabla ya kufika usawa wa dirisha.