Mnyororo wa Maji

Maji yana kitu kama ngozi juu yake. Sindano ya kushonea ikilazwa taratibu juu ya bakuli la maji matupu huelea. Ukitia sabuni kidogo, mara huzama, kwa kuwa sabuni hulegeza ngozi ile. Nguvu ya ngozi hiyo huitwa mvutano wa uso. Lakini je, maji ya sabuni yanapotoka bombani sasa hivi, sabuni huwahi kufika usoni? Swali hilo ndilo lililotushughulisha muhula huu hapa Pito.

Njia ya kupima si ngeni. Mwaka 1879 Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwamba maji yakitoka katika tundu la umbo la yai, mchirizi wake hutanuka na kujibana, hata ukafanana na mnyororo. Tundu huyatoa yakiwa bapa, ngozi huyavuta yawe mviringo, nayo huupita mviringo na kuwa bapa upande wa pili, kisha huvutwa tena. Ngozi ikiwa na nguvu, pingili huwa fupi. Ikilegea, huwa ndefu. Niels Bohr wa Denmark, akiwa bado mwanafunzi, aliyapima maji kwa njia hiyo katika maabara ya baba yake. Alifanya kazi usiku ili mtikisiko wa barabarani usimharibie mchirizi, na mwaka 1907 akapewa nishani ya dhahabu.

Sisi tulitumia ndoo, mpira mwembamba na kibomba cha shaba ambacho mdomo wake tuliubana kwa koleo. Mwenzetu mmoja aliongeza maji polepole ili yasimame daima sentimita 45 juu ya mdomo, nayo yakatoka kwa mwendo wa karibu mita 3 kwa sekunde. Pingili ya kwanza ya maji matupu ilikuwa sentimita 5. Maji tisa kwa spiriti moja yalitoa karibu sentimita 6. Maji ya sabuni hafifu, yale yale yaliyozamisha sindano, yalitoa sentimita 5 kama maji matupu! Maana yake, katika muda wa kama sehemu 17 za elfu za sekunde, spiriti ilikuwa imekwisha fika usoni, na sabuni ilikuwa ingali njiani.

Baba yangu ni mkulima wa mahindi na kabichi, naye hapendi nichague sayansi kidato cha tano. Siku ya wazazi aliniuliza, "Mwanangu, kupima maji kutatulisha?" Nikamjibu, "Baba, wewe hutia sabuni katika dawa ya wadudu ili ishike majani. Lakini tone likitoka kwenye pampu hulifikia jani upesi sana. Pengine sabuni haijafika usoni, na dawa uliyoinunua kwa taabu huteleza ikaanguka chini."

Baba alinyamaza kitambo, kwani mwaka jana alipuliza mara mbili na kabichi zikaliwa vile vile. Kisha akasema, "Likizo uje na hicho kibomba. Tupime dawa yenyewe kwanza. Habari ya kidato cha tano tutaizungumza baadaye."

Kibomba nimekwisha kitia sandukuni, pamoja na rula.