Maji ya Dirishani

Wengi wenu, wasomaji, mtajenga nyumba siku moja, na hapana shaka mtahesabu sana bei ya mawe na mabati. Ni nadra mtu kuhesabu nafasi iliyo baina ya dirisha na ukuta, maana haizidi unene wa wembe.

Huku kwetu Sigowet, katika nchi ya chai ya Kericho, nafasi hiyo ni jambo kubwa. Upepo wa Ziwa Viktoria hupanda kutoka Soin, na alasiri mvua huja ya mshazari, mara nyingi ikiwa na mawe, ikapiga ukuta kuliko paa. Wazee waliojenga misonge hawakuijua taabu hii: nyasi za paa zilishuka chini zikafunika udongo, na dirisha kubwa hawakulihitaji. Sisi tumetaka mwanga. Basi na tuulipie.

Kaka yangu alimjengea mama nyumba ya mawe kwa bonasi ya chai ya miaka mitatu. Masika ya kwanza hayajaisha, ukuta ulio chini ya dirisha la chumba cha mama ukafanya koga, na kikohozi chake cha usiku kikarudi. Fundi alishauri rangi ya mafuta kwa ndani. Nilikataa, na sababu yangu ni hii. Lipu mpya ikikauka hunywea. Fremu ya chuma hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi. Kati yao hutokea ufa, na ufa mwembamba huvuta maji kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta, ila hawakutaja uzibwe upande gani! Ukizibwa ndani tu, maji yaliyokwisha kuingia hufungiwa ukutani.

Tulimwaga maji kwa nje, tukianzia chini na kupanda polepole, hata tukaona yaingiapo: pembeni mwa kizingiti cha chini, kilichokuwa kimeinamia ndani. Kikavunjwa, kikajengwa upya kikiinamia nje na kutokeza mbele ya ukuta, na upande wake wa chini ukachongwa mfuo ili tone lianguke, lisirudi ukutani. Ufa ukakwanguliwa, ukaachwa ukauke, ukajazwa silikoni, ambayo hunyumbuka pamoja na chuma. Saruji tupu ingepasuka tena.

Hata hivyo kioo kiliendelea kutoka jasho alfajiri. Hilo si la mvua. Ni pumzi ya mlalaji ikutanapo na kioo baridi, na dawa yake ni matundu ya hewa juu ya dirisha. Mama alikuwa ameyaziba yote kwa matambara. Kumshawishi ayazibue kulikuwa kazi ngumu kuliko ya kizingiti, na mpaka sasa amekubali moja.