Itarudi tu, hata mume wangu akibisha

Kuna wanawake wanaotabiri ndoa za watu. Mimi natabiri mpira, na utabiri wangu ni mmoja tu, nimeshausema ofisini, saluni na hata kwenye kikao cha harusi: Biashara United itarudi Ligi Kuu. Najua unacheka. Baba watoto naye hucheka, tena kwa sauti.

Wewe wa Dar ambaye Simba na Yanga unazo mlangoni huwezi kunielewa. Sisi wa Mukendo, hapa Musoma, tulizoea kuwaona mastaa kwenye runinga. Timu ilipopanda 2018, Simba na Yanga wakawa wanatufuata wenyewe Uwanja wa Karume. Siku hiyo bodaboda anakosa pa kupita, nyumba za wageni zinajaa, na sato anapanda bei utadhani ni Krismasi.

Lakini faida yangu mimi haikuwa sato. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, ukimuuliza kazini kukoje atakujibu, “Salama tu, mama watoto.” Mkalishe jukwaani na karanga mkononi uone anavyofunguka! Wakati wa mapumziko nimeambiwa mambo ambayo sebuleni sijawahi kuyasikia: deni la kaka yake, hofu ya kupunguzwa kazini, jina analotaka kumpa mtoto wetu wa pili. Karume ndiyo ulikuwa mtoko wetu, siyo hoteli wala ufukweni.

Msimu wa 2020/21 tukamaliza wa 4, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Wa nne jamani, timu ya Mara! Tukaingia Kombe la Shirikisho Afrika, tukaitoa Dikhil ya Djibouti, halafu Oktoba 15, 2021 tukaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 pale kwa Mkapa. Sisi tuliitazama baa, na mume wangu alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hata siku ya harusi alilifanya kwa kuhimizwa na mpiga picha.

Marudiano hayakuchezwa. Safari ya Libya ilikwama, timu haikufika, ikatolewa. Msimu ulipoisha 2022, tukashuka daraja.

Tangu hapo Jumamosi yake iko kibanda umiza na Arsenal, yangu iko na rimoti. Hatujagombana. Ni kimya tu kimerudi, na kimya cha ndani ya nyumba mwenzangu unakijua.

Ndiyo maana nimeng'ang'ania, na wala siyo ushabiki wa kufumba macho. Tazama majirani zetu Pamba wa Mwanza: walikaa nje zaidi ya miaka 20, wakarudi 2024. Namungo ya Ruangwa, mji mdogo tu kule Lindi, ilipanda 2019 na kufikia 2021 ilikuwa inacheza makundi ya Shirikisho. Biashara yenyewe 2024 ilifika mchujo wa kupanda, ikakwamia kwa Tabora United. Yaani mlango tuliugusa.

Miguu ipo, kinachosumbua ni nauli. Kutoka Musoma kwenda kucheza Mbeya ni kuivuka nchi nzima, na timu isiyo na mfadhili wa uhakika inachoka kabla filimbi haijapulizwa. Kwa hiyo natabiri hivi: watakaoirudisha ni watu wa hapa hapa, wauza samaki wa Mwigobero, wenye maduka wa Bunda, wafanyakazi kama mimi na wewe, kila mtu na kidogo chake kila mwezi. Mbona michango ya harusi tunatoa, tena na kadi tunadaiwa? Na ikirudi Afrika, tiketi za safari zinakatwa mapema. Hilo nalo liandike.

Mume wangu anasema naota. Sijabishana naye. Nimenunua kibubu, nikakiandika “Karume”, nikakiweka juu ya friji: ni cha viingilio vyetu wawili na karanga zake, maana safari hii baa siendi. Wiki za mwanzo alikipita kama hakioni. Juzi nilipokuwa nafuta vumbi nikakinyanyua, nikakuta ni kizito kuliko nilivyokiacha.

Sijamuuliza.