Gari Linalopiga Magoti

Baba alinunua Discovery 3 iliyotumika kwa sababu ya magoti ya mama. Watu wa Chepkoilel hawakujua hilo. Waliona mwalimu mstaafu akishuka kwenye gari la wakubwa, wakasema pensheni imempanda kichwani. Lakini gari hilo ukilibonyeza kitufe linashuka. Mahali pa springi za chuma pana mifuko minne ya mpira iliyojaa hewa. Hewa ikipunguzwa, gari linainama kama sentimita tano, na mama anapanda mwenyewe kwenda kliniki mjini bila kubebwa na wanawe mbele ya majirani.

Kwa hivyo taa ya sasipenshoni ilipowaka kwenye dashibodi, nyumba nzima ilinyamaza. Ilikuwa ya manjano, si nyekundu. Nyekundu ni onyo zito: punguza mwendo, tafuta mahali salama usimame. Manjano inasema kuna hitilafu, shughulika mapema.

Gereji moja ya mjini iliunganisha mashine ya kusoma hitilafu na kutupa jibu kwa dakika kumi. Mashine ilisema hewa inachukua muda mrefu mno kujaa. Basi kompresa imekufa, wakasema. Nunua mpya, au ng'oa mfumo wote wa hewa uweke springi za kawaida. Bei ya kompresa ingemeza ng'ombe wawili wa maziwa. Springi zilikuwa nafuu zaidi, na wengi wenye magari haya huziweka. Si ujinga: chuma hakivuji. Ila springi haipigi magoti.

Baba akaenda kwa fundi wa hapa kwetu, kando ya barabara ya Ziwa. Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho ndicho majirani wetu, kilianza mwaka 1946 kama kituo cha kufunza wakulima wa mashamba makubwa, na hadi leo fundi wa trekta hakosi kazi upande huu. Huyu naye alianzia kwenye trekta za ngano. Hakufungua boneti kwanza. Aliuliza.

"Mwalimu, hii gari usiku inalala upande gani?"

Baba hakuwa na jibu. Nani huangalia gari likilala?

Fundi akapima betri, kwa sababu umeme ukiwa mdogo kompyuta za magari haya huanza kulalamikia vitu vizima. Akaangalia swichi ya taa za breki, maana nayo ikichakaa huweza kuiwasha taa ya sasipenshoni ingawa havionekani kuhusiana. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akachukua futi ya utepe, akapima kila pembe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, akaandika namba nne kwa chaki ukutani. Mwisho akachomoa fyuzi ya mfumo wa hewa, akatuambia turudi asubuhi.

Nilimuuliza kwa nini fyuzi. Akasema gari hili likiegeshwa huamka lenyewe usiku na kujisawazisha. Pembe moja ikivuja, kompyuta inazishusha zingine ziifuate, na asubuhi unakuta gari lote limekaa chini, hujui mwizi ni nani. Bila fyuzi, kila pembe inajisemea.

Asubuhi pembe tatu zilikuwa palepale. Ya mbele kushoto ilikuwa imeshuka vidole vinne. Fundi aliweka vyuma vya kuzuia gari, kwa sababu mtu haingii chini ya gari linaloshikiliwa na hewa, kisha akanyunyiza maji ya sabuni. Pale mpira unapojikunja, mapovu madogo yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, kama maziwa yanayokaribia kuchemka.

"Mashine imesema kompresa imechoka. Sawa," akasema. "Lakini ni nini imeichosha?"

Ilikuwa inajaza ndoo iliyotoboka. Na huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano, kwa hivyo kompresa hufanya kazi zaidi kupata ujazo ule ule. Ikipata joto kupita kiasi hujizima ili ipoe, na taa inawaka. Mashine haikudanganya. Ilitaja kilichoonekana, nasi tungelilipia jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kompresa mpya ingeanza kuchoka siku ile ile ilipofungwa.

Tulinunua mfuko mmoja. Fundi alisema wa kulia una umri ule ule, mpira ni mpira, nao utafuata, tuweke akiba. Alisema pia kompresa imekula miezi ya kazi ya bure, na huenda isizeeke vizuri. Hakutuahidi kitu zaidi ya hapo, na nadhani ndiyo maana baba alimwamini.

Ng'ombe wako zizini. Taa haijawaka tena tangu hapo, lakini baba hamwachii taa kazi hiyo. Kila Jumapili jioni huchukua futi, huzunguka pembe nne, na kuandika namba nyuma ya daftari lake la zamani la mahudhurio, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiwaandikia watoto waliofika na waliokosa.