Nilitaka kumletea Mjomba bahari sebuleni

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kuingia katika hoteli kubwa au chumba cha kungojea daktari wa meno ukakuta tangi la kioo lenye samaki wa rangi. Watoto hugandisha pua zao pale kwenye kioo, na hata wewe mtu mzima husahau jino linalokuuma. Huenda ukawaza moyoni, "Na mimi nyumbani kwangu nitaweka moja." Mimi niliwaza hivyo, kisha nikafanya. Leo nakusimulia yaliyonipata ili, ukiamua kuanza, usianzie pale nilipoanzia mimi.

Tunakaa Ukunda, mbali kidogo na ufuo wa Diani. Mwaka 2021 mjomba wangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, alipatwa na kiharusi. Alikuwa mvuvi wa Mkunguni, kule Msambweni, na kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna aliyemjua bila ngalawa yake. Ugonjwa ulimwacha upande wa kulia hauna nguvu. Tulimchukua akae nasi, tukampa chumba cha karibu na sebule. Alikuwa hasemi mengi. Siku moja binti yetu mdogo alitoka chumbani humo akasema, "Baba, Babu anatazama ukuta tu."

Maneno hayo yalinichoma. Ndipo nikapata wazo. Kama Mjomba hawezi kwenda baharini, basi bahari nitamletea. Nilikuwa nimestaafu karibuni, na malipo yangu yalikuwa bado benki. Nikaamua kujenga tangi kubwa la maji ya chumvi, lenye samaki na matumbawe hai, kama kipande cha mwamba wa Diani kilichohamia nyumbani.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba maji ni mazito. Tangi langu lilikuwa na urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Ukipiga hesabu utapata lita 720. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo moja kidogo, hivyo maji peke yake ni karibu kilo 740. Ongeza vioo vya unene wa milimita 12, mawe na meza ya chuma, utakaribia tani nzima. Kwa hiyo wewe unayekaa ghorofa ya nne, zungumza kwanza na anayejua ujenzi wa jumba hilo. Mimi nyumba yangu ni ya chini, lakini hata hivyo fundi alilazimika kumimina zege upya mahali pa kuliweka, kwani sakafu ikiinama kidogo tu, kioo hupasuka. Tulipomaliza kuunganisha vioo kwa silikoni, tulilijaza maji ya mfereji huko uani likakaa wiki nzima. Afadhali livujie uani kuliko sebuleni.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Utasema, "Ninyi watu wa pwani mna bahati, bahari i mlangoni!" Nami nilidhani hivyo. Nilituma vijana wenye mkokoteni wakateke karibu na msikiti wa Kongo, kwa kuwa barabara ya huko ni nzuri. Nilipoyapima yalikuwa yamepungua chumvi. Mjomba aliposikia, alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue. "Mpwa wangu, Kongo ndipo Mto Mwachema unapoingia baharini. Na huu ni mwezi wa masika. Umeteka mto!" Maji ya bahari yetu kwa kawaida huwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na viumbe wa mwambani hawapendi kipimo hicho kipande na kushuka. Tukamwaga, tukateka upya mbali na mdomo wa mto, wakati maji yamejaa, tukayachuja kwa kitambaa. Mitungi 36 ya lita 20, msomaji. Mke wangu aliihesabu mmoja mmoja, na kila alipohesabu alinitazama.

Tangu siku hiyo Mjomba akawa ndiye msimamizi wa mradi. Nilimwekea kitanda chake sebuleni, mkabala na tangi.

Jambo la tatu, na ndilo linaloua samaki wa watu wengi, ni haraka. Samaki hula na kujisaidia, na uchafu wao hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Baharini kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Katika tangi jipya bakteria hao hawapo wa kutosha. Huna budi kuwangojea wazaliane juu ya mawe, kwa wiki nne hadi sita, huku ukipima maji kila mara. Mawe yangu niliyapata kwenye timbo, yale yale ya matumbawe ya kale tunayojengea nyumba huku pwani. Niliyasugua na kuyaloweka kwa siku nyingi. Kwa wiki tano familia nzima ilitazama mawe na maji. Majirani walikuja, wakatazama, wakaondoka wakinionea huruma.

Chini ya meza kulikuwa na tangi dogo la kupokea maji, lenye mtambo wa kuengua uchafu kwa povu. Pampu mbili zilisukuma maji huku na huko mfano wa mawimbi. Kila siku lita kadhaa zilipotea kwa joto. Hapa nakuonya, usiongeze maji ya bahari! Yanayopanda hewani ni maji matupu, chumvi hubaki. Ongeza maji baridi yaliyochujwa vizuri, la sivyo baada ya mwezi utakuwa unafuga samaki kwenye kachumbari.

Ulipofika wakati wa kununua samaki, nilikwenda Shimoni kwa mvuvi wa samaki wa mapambo mwenye leseni. Biashara hiyo ni ya miaka mingi katika pwani yetu, na samaki wetu husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Watoto walitaka yule samaki wa ile filamu ya mwaka 2003, Nemo. Wakapigwa na butwaa kusikia kwamba aina ile haipatikani katika maji ya Kenya. Tunao jamaa zake, na tukachukua wawili wa rangi ya chungwa hafifu wenye mstari mweupe mgongoni. Niliwaeleza watoto kwamba mkubwa wa jozi ndiye jike, na jike akifa, dume hugeuka kuwa jike. Walinitazama kana kwamba nimelewa. Ni kweli, ulizeni wataalamu.

Mimi nilitaka pia kitatange, kwa uzuri wake. Mjomba alikataa. "Huyo siku nzima anadonoadonoa matumbawe. Kwako atakula nini? Atakufa kwa njaa." Nikataja kikande. "Huyo atawavunja na kuwatafuna wote. Mwache aliko, kazi yake ni kula urumba." Maneno hayo niliyakuta baadaye katika maandishi ya wataalamu wa mwamba. Pale kikande walipovuliwa wakaisha, viumbe wale wenye miiba huzaana kupita kiasi na kuutafuna mwamba wenyewe. Mjomba hakusoma hayo popote. Tukachukua kangaja wawili wa kula mwani unaoota juu ya mawe.

Sasa yalibaki matumbawe. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba hapa nilitaka kupotoka. Yule mvuvi wa Shimoni aliniambia wazi kwamba yeye huuza samaki tu, tumbawe hai hauzi. Ndani ya hifadhi ya Kisite hakuna ruhusa ya kutoa chochote, na matumbawe ya mawe yamo katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe duniani. Lakini kijana mmoja wa hapa mtaani alininong'oneza kwamba usiku, maji yakitoka, atanivunjia kipande kizuri kwa bei ndogo. Sikumwambia ndiyo, wala sikumwambia la.

Mjomba alikuwa amesikia. Kijana alipoondoka aliniita. "Mimi nimevua tangu utotoni. Nimekanyaga matumbawe, na nanga yangu imeyavunja, Mungu anisamehe. Lakini hayo yalikuwa ya kutafuta chakula. Wewe unataka kulivunja kwa sababu unalipenda?"

Nilikosa jibu. Baadaye nilisoma kwamba tumbawe la donge hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kipande cha ukubwa wa kichwa cha mtu huenda kina umri wa mtoto wangu wa kwanza, naye ana mke. Tena lingenifia, maana hutaka mwanga mkali, chokaa ya kutosha ndani ya maji kila siku, na joto lisilobadilika. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa. Mjomba aliyakumbuka. "Ilikuwa kama kusafiri juu ya mifupa," alisema. Ikiwa bahari yote ilishindwa, sebule yangu yenye feni moja ingeweza wapi? Kijana nilimwambia asilete. Tangi likabaki la samaki na mawe.

Usiku mmoja, mwezi wa nne tangu samaki waingie, nilishtushwa na kishindo ukutani. Ni Mjomba, anagonga kwa mkongojo. Umeme ulikuwa umekatika. Sisi tuliolala hatukujua lolote, lakini yeye alizindushwa na ukimya wa pampu. Sikuwa nimenunua hata pampu ndogo ya hewa ya betri. Samaki walikuwa juu ya maji, wanahema. Tukachukua majagi, tukawa tunateka maji na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, mimi, mke wangu na watoto kwa zamu, mpaka alfajiri. Kangaja wote wawili walikufa. Wale wadogo wa chungwa walipona.

Asubuhi, sote tukiwa tumechoka na sakafu imelowa, Mjomba alisema jambo ambalo sijalisahau. "Hili tangi ni zuri. Lakini ni lenu. Mimi nipelekeni Mkunguni."

Nilinyamaza, msomaji, kwa sababu nilifahamu papo hapo nilichokuwa nimefanya. Kutoka Ukunda hadi Msambweni si safari ya saa nzima. Fedha nilizotumia kwa vioo, pampu na taa zingetosha kukodi gari kila Ijumaa kwa miaka. Sikufanya hivyo kwa sababu kumbeba Mjomba ni kazi, na kumwona akibebwa kuliniumiza. Ilikuwa rahisi kwangu kubeba mitungi 36 ya maji kuliko kumbeba yeye mmoja. Katika muda wote huo sikumwuliza hata mara moja anataka nini. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza.

Ijumaa iliyofuata tulimpeleka. Vijana wa Mkunguni walipomwona walikuja mbio, wakamnyanyua na kiti chake hadi pale maji yanapoishia. Aliomba avuliwe viatu. Alikaa hapo mpaka maji yakaanza kujaa na kumfikia magotini, huku akiwataja watoto wangu majina ya samaki kadiri wavuvi walivyoshusha: changu, tasi, pono, chewa. Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko mwezi mzima.

Tangu hapo twaenda kila tunapoweza. Mwaka 2024, joto la bahari lilipozidi tena duniani, aliwauliza wavuvi kila mara kama mwamba umegeuka mweupe, na jibu lao lilimhuzunisha. Siku moja tulifika Shimoni, na watoto wakavuka hadi Wasini. Katika maji yale, wenyeji wakishirikiana na wataalamu huning'iniza vipande vidogo vya matumbawe kwenye miti ya mabomba ya plastiki chini ya maji, vikikua wavipandikize kwenye mwamba. Waliporudi walimweleza Babu. Aliwasikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Na nani anayavunja hayo?" Wakamjibu, "Hakuna, Babu. Wanayapanda." Akatikisa kichwa, akiwa radhi.

Tangi bado lipo. Wale wawili wa chungwa wamenenepa, na kila wiki tunabadilisha mitungi mitatu au minne ya maji. Siku hizi pampu ya betri ipo, na siku za kuteka maji ni siku zile zile za kwenda Mkunguni.

Ukitaka tangi la maji ya chumvi, msomaji, usivunjike moyo. Anza na sakafu, kisha maji, kisha subira, na samaki wawe wa mwisho. Nunua kwa mwenye leseni, na matumbawe yaache yalipo. Weka kando fedha za umeme na za siku utakapokatika. Lakini kabla ya hayo yote, ikiwa unalijenga kwa ajili ya mtu fulani nyumbani mwako, keti naye kwanza umwulize. Huenda anachokitaka ni nauli tu, na mtu wa kumshika mkono.