Kabla ya Mkeka

Jumapili, 3 Novemba 2024
Jana mkeka wangu wa kubeti ulichanika kwa timu moja. Nyingine zote ziliitika, ya mwisho ikasawazishiwa dakika za nyongeza. Kiasi kilicholiwa sikiandiki hapa. Nitaandika kilichotangulia: nilikuwa wapi, na nani, nimeambiwa nini kabla sijashika simu.

Alhamisi, 7 Novemba
Jioni, nafunika cherehani. Mteja wa sare za harusi hajalipa. Mama akapiga. Baada ya shikamoo na habari za shamba akasema, "Mwanangu, mdogo wako chuoni wanamdai ada, asipolipa hafanyi mtihani." Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi mama, kesho natuma." Hela hiyo sikuwa nayo. Simu ilipokatika nilikuwa tayari nimefungua orodha ya mechi, na moyo ukatulia palepale, kabla hata sijaweka dau. Huko kutulia ndiko kulikonishtua.

Jumatano, 13 Novemba
Nimesoma habari za B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, na njiwa wake. Chakula kikitolewa bila mpangilio unaotabirika, njiwa hudonoa bila kuchoka, na hata kikikatwa kabisa hukawia kuacha. Tena mwaka 2009 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba kukosa kidogo katika kamari huamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na ushindi. Ndiyo hiyo "timu moja" tunayosimuliana vijiweni kana kwamba tulikaribia kushinda, wakati hela imekwenda yote. Basi nimeelewa kwa nini mtu hurudi. Kinachomfanya aanze, siku fulani na si nyingine, hakimo humo.

Jumatatu, 25 Novemba
Nimerudia kurasa zote. Mechi kubwa za wikendi nilizitazama kibanda umiza na wenzangu, tukashangilia, nikaenda kulala bila kubeti. Nilibeti siku nilizoahidi nisichokuwa nacho: kwa mama, kwa mke wangu, kwa mwenye fremu. Mpira haumo, wala tamaa ya utajiri. Ni aibu ya kutamka "sina" mbele ya watu wanaonitegemea, na mkeka unanipa saa mbili za kujiona bado nina cha kuwapa.

Mchana mama kapiga tena. Nikasema, "Mama, leo nina elfu thelathini tu. Nyingine nitatuma nikilipwa sare." Akanyamaza kidogo. "Haya baba, zinatosha kuanzia. Nitaongea na mjomba wako." Sikuitafuta orodha ya mechi.

Programu ya kubeti nimeifuta, ingawa kuirudisha ni kazi ya dakika moja, kwa hiyo siitegemei. Ninachotegemea ni kutaja kiasi nilicho nacho kwenye simu ileile, bila kuahidi kesho. Ijumaa kodi ya fremu inaisha na haijatimia. Nitamfuata mwenye fremu kesho asubuhi, kabla hajanipigia.