Kutafuta Chombo cha Maziwa Nakivale

Mji wetu wa Mbarara ulipata jina lake kutokana na nyasi. Emburara ni nyasi ndefu zilizofunika vilima hivi hapo kale, na ndizo ambazo mama zetu wa Ankole huzichoma polepole ili kufukiza vyombo vya maziwa. Tangu tarehe 1 Julai 2020, Mbarara ilipopandishwa cheo na kuwa jiji, ni rahisi zaidi kuyaona maghorofa kuliko nyasi zenyewe.

Nilizikumbuka nyasi hizo mdogo wangu alipokaribia kuolewa. Kwetu bi harusi hakabidhiwi kwa mumewe mikono mitupu. Siku ya kuhingira, yaani siku ya kumtoa nyumbani kwao, huandamana na ebyanzi, vyombo vya maziwa vilivyochongwa kwa mti na kufunikwa kwa vifuniko vya kusukwa. Vyombo hivyo hupangwa juu ya jukwaa dogo liitwalo orugyegye, na wageni huvitazama kabla ya kumtazama bi harusi mwenyewe.

Mimi ndimi dada mkubwa, na mwenye mshahara wa serikali, basi jukumu likaniangukia. Nilinunua viwili katika duka moja mjini, vyeusi, vinang'aa kama viatu vya gwaride. Mama akatia maziwa ndani ya kimoja jioni. Asubuhi maziwa yalikuwa sakafuni, na yale machache yaliyobaki yalinuka rangi ya mbao. Mama hakunigombeza. Alikichukua chombo kile akakitia viazi.

Mume wangu ni askari polisi. Mwenzake aliyewahi kufanya kazi Nakivale alitueleza habari za mzee mmoja mkimbizi, mchongaji, anayeishi huko. Nakiri kwamba nilisita. Sisi wenyeji wa pande hizi tuna manung'uniko yetu juu ya ardhi, na mimi pia nimewahi kuyatamka barazani. Hata hivyo zilibaki wiki tatu tu, nami sikuwa na njia nyingine.

Jumamosi nilipanda taksi alfajiri. Barabara ya lami hupita Kaberebere mpaka Isingiro, katikati ya migomba isiyokwisha, na malori ya matoke hupishana nawe kila mara. Toka hapo nilichukua pikipiki. Vilima vikawa vikavu, miti ya miiba ikatokea, kisha ghafla ziwa Nakivale likaonekana chini, limetulia, na mitumbwi ya wavuvi imetapakaa kama punje za mtama. Ziwa hili na vinamasi vyake, pamoja na ziwa Mburo, viliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yanayohifadhiwa duniani. Nimezaliwa mwendo wa saa mbili kutoka hapo, na sikuwahi kuliona.

Nilitazamia mahema. Nilikuta miji. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda walipokuwa wakipokelewa. Leo wamo zaidi ya watu laki moja na nusu, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Penye maduka ya Wasomali nilikunywa chai yenye iliki. Kila nilipouliza njia nilijibiwa kwa Kiswahili, hata na watoto, nami niliyejifunza lugha hii katika nyumba za polisi nilijihisi ni mgeni mwenye bahati.

Karakana ya mzee haikuwa na ukuta. Ilikuwa kivuli cha mti, rundo la maranda na kigoda. Vipande vya gogo vilikuwa vimefunikwa magunia ili jua lisivipasue. Alianza kwa tezo, akalipa gogo kiuno na shingo kwa nje, ndipo akashika chuma kirefu kilichopinda nchani na kuanza kuchimba ndani. Hapo ndipo penye kazi. Macho hayafiki ndani ya shingo ile nyembamba. Mkono peke yake ndio unaojua. Kila mara alisimama, akagonga ubavu wa chombo kwa kidole na kusikiliza. Palipotoa sauti nzito alirudi kuchimba. Palipolia wembamba alipaacha, kwani mkwaruzo mmoja zaidi ungetoboa kazi ya siku nzima.

"Kwenu mnakiitaje?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Ekyanzi, mzee."

Akacheka. "Sisi icyansi." Yeye ni Munyamulenge, kutoka milima ya Minembwe. Ng'ombe wake walichukuliwa wote, alisema, lakini chuma kile alikificha ndani ya godoro.

Nilipomweleza shida yangu, alitikisa kichwa. Chombo kikichongwa hukaa kivulini wiki nyingi kikipoteza maji yake polepole, kisha hupakwa samli, kisha hufukizwa mara kwa mara mpaka moshi uzibe vitundu vya mti. Mchongaji mwenye haraka hupaka rangi. Nilimsihi. Niliongeza bei. Mwishowe nikataja hata kazi ya mume wangu, jambo ambalo nikilikumbuka naona haya.

"Mama," akasema kwa upole, "ukiuambia mti kwamba mumeo ni polisi, utakauka upesi?"

Niliacha fedha ya vyombo viwili nikarudi mikono mitupu. Siku ya kuhingira tuliazima ebyanzi vya shangazi, na asubuhi yake vikarudishwa kabla umande haujakauka. Mdogo wangu alijua na hakusema kitu.

Baada ya miezi miwili nilikwenda tena. Vyombo vilikuwa tayari, vyeusi bila kung'aa, vyepesi kuliko nilivyodhani. Mke wa mzee ndiye aliyevifukiza: huweka nyasi kavu zinazofuka ndani ya chungu kidogo, kisha hukiinamisha chombo juu yake mpaka kishibe moshi. Moshi huo hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa harufu yake nzuri. Lakini wenye watoto wachanga wasidanganyike: hauui vijidudu vyote, kwa hiyo maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe humo.

Katika taksi nilivipakata mapajani kama mapacha. Mama alitia maziwa katika kimoja jioni ile ile, akakiweka juu ya sahani nyeupe. Asubuhi sahani ilikuwa kavu. Alikinusa chombo muda mrefu, akauliza kimechongwa na nani, nami nikamwambia yote, pamoja na habari za Minembwe.

"Na sasa ana ng'ombe?"

"Ana mbuzi wawili, mama."

Alinyamaza. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kopo la samli, akaniuliza ni lini nitapita tena njia ile.